Kichupa cha Mafuta ya Nazi

Tangu mikorosho yao ianze kuzaa, Hemedi alikuwa akilitua gunia la kwanza la korosho miguuni pa mama yake, Bi Somoe. Mwaka huu alilitua mbele ya mkewe, Salima.

"Yeye hazivunji akizibangua, mama," Hemedi alisema.

Bi Somoe alicheka kwa meno tu. Korosho zilipokwisha kuchomwa, alijipaka mafuta ya nazi mikononi ili utomvu wa maganda usimbabue, kisha akakisukumia kichupa chini ya kanga yake. Salima alibangua hadi adhuhuri, na kila korosho iliyotoka mikononi mwake ilikuwa nzima. Za Bi Somoe zilikuwa vipande vipande.

"Mbona hukupaka mafuta?" Bi Somoe aliuliza, macho yakiwa kwenye vidole vya mkwewe vilivyokuwa vikibanduka ngozi.

"Nilikuona ukikiweka kichupa, mama. Nikajua hayatutoshi sote wawili."

Salima alichagua korosho kubwa kuliko zote, akaiweka kwenye kiganja cha mamamkwe.

Bi Somoe hakuila. Ilikaa pale, nzima, juu ya kiganja laini kinachong'aa mafuta, naye hakuweza kukifumba.