Kulabu Yenye Rangi Mpya

Wajumbe sita wa kamati walikuwa wameshatia saini mkataba wa kununua ndege. Lilibaki jina la rubani atakayekuwa wa kwanza kutua juu ya meli mpya, kwa kuwa katika jeshi lile rubani huyo ndiye husaini mwisho.

Meja Tunu Shekwavi hakuishika kalamu. Alitoa begini kulabu ya chuma, kubwa kama kiganja, akailaza juu ya mkataba.

"Nimeifungua mkiani mwa ndege mnayotaka kuinunua," alisema. "Kazi yake ni kunasa waya kwenye sitaha, ndege isimame kabla ya kutumbukia baharini. Ripoti ya majaribio inasema imenasa mara arobaini. Ipapase, afande."

Mkuu wa wanamaji hakuipapasa. Rangi ya kiwandani ilikuwa inang'aa juu ya chuma chote, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Meja, nchi nzima inazisubiri ndege hizi."

"Basi isubiri, afande. Atakayekaa ndani ni mimi."

"Nina marubani wengine."

"Waite. Kulabu naiacha hapo hapo."

Mkuu alibonyeza kengele. Wakaingia marubani watatu, kofia zikiwa kwapani. Wa kwanza alionyeshwa mahali pa kusaini, akainama, akachukua kalamu. Ndipo alipoiona kulabu. Aliiokota, akapitisha kidole gumba juu ya rangi ile, taratibu, toka shingoni hadi nchani.

Kisha akaiweka kalamu chini, akampa mwenzake kulabu.