Saa Nne ya Uhuru

Kila Sikukuu ya Uhuru, saa nne asubuhi, kidude kilichopandikizwa shingoni humrudishia raia mateso ya babu yake wa upande wa baba enzi za Mkoloni. Sheria inataka madirisha yawe wazi ili mtaa usikie vilio.

Leo ilikuwa mara ya kwanza kwa Raya, mwenye miaka saba. King'ora kilipolia, mama yake, Mwanakombo, alianguka sakafuni, mgongo ukiwaka kwa viboko. Raya hakulia. Alisimama wima, mkono wake wa kulia ukipanda na kushuka.

"Mama, mbona mimi ndiye ninayechapa?"

Mwanakombo alimgeukia mumewe, Machano, aliyesimama, macho makavu, mlangoni pa choo alimojifungia kulia kila mwaka.

"Baba yangu alikuwa mnyapara wa Mkoloni, kama babu yangu," Machano alinong'ona.

"Mbona mtoto kimya?" jirani aliuliza kutoka dirishani kwake.

Mwanakombo alijiinua, akachukua mkanda. "Nisamehe, mwanangu." Alimchapa mpaka Raya akapiga yowe.

"Hongera!" jirani alishangilia. "Sasa ni mwananchi!"

Mwanakombo alitupa mkanda.

"Okota," Machano alisema kwa utulivu. "Bado viboko kumi na viwili."