Hatua Thelathini na Moja

Wenye magari walimpigia honi, wakamkwepa, wakaendelea na safari zao. Baba Chiriku alikuwa amepiga magoti katikati ya lami na futi kamba mkononi, akipima kutoka kibanda cha fundi viatu hadi pale baiskeli ya binti yake ilipokutwa imepondeka. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Alipomaliza kwa futi alirudia kwa miguu, na jibu likawa lilelile: hatua thelathini na moja, barabara imenyooka, jua la saa kumi, mtoto kavaa fulana ya rangi ya chungwa. Hata mwenye jicho moja angemwona.

"Na alama ya breki haipo," alimwambia fundi viatu. "Hakugusa breki kabisa."

Fundi alikuwa anapaka gundi kwenye soli iliyokwisha kushika. Aliipaka tena.

"Siku ile ulikuwa umekaa hapohapo," baba Chiriku alisema. "Uliona nini?"

"Kichwa kimeinama. Alikuwa anasoma simu."

Kisha fundi akamsihi asimburute mahakamani kutoa ushahidi. Dereva wa gari la mikate ni mtu wa watu, alisema, mtaa mzima unamjua, hajawahi kumtolea mtu neno baya, na jioni akibakiwa na mkate huwagawia wenye vibanda. Atamtazamaje usoni?

"Utamtazama tu. Weka jina lako hapa."

Fundi akafuta mkono kwenye aproni na kuandika, herufi moja moja, kama mtu anayeandika barua ya msiba.

Chiriku alipewa jina hilo kwa mdomo wake. Alikuwa na miaka tisa na aliongea tangu anaamka hadi analala, na akilala aliendelea. Sasa mguu wake wa kulia ulikuwa umeishia chini ya goti. Daktari alieleza kwamba mguu wa bandia haukui, kwa hiyo kila mtoto akirefuka utatakiwa mwingine, na mwingine, hadi awe mtu mzima. Gari lilikuwa na bima, lakini bima iliandika barua ya adabu sana kusema kwamba polisi wameona kosa ni la mtoto, na kosa la mtoto wao hawalilipi.

Polisi waliona hivyo kwa sababu ya mama yake. Siku ile, kwenye korido ya hospitali, damu haijamkauka mikononi, askari alimuuliza naye akajibu kwamba mtoto alikurupuka kutoka getini, dereva angefanya nini. Ulikuwa uongo mtupu. Baba Chiriku alisimama kando yake na hakuwa na ulimi. Ulimi ulimrudia siku ile barua ya bima ilipofika.

Alikwenda kituoni mara nne. Mara ya nne sajini wa usalama barabarani alifunga mlango, akavua kofia.

"Ndugu yangu, faili limekufa. Acha lilale."

"Nataka dereva ashitakiwe."

"Unajua unachokiomba? Hii ni jela."

"Najua," alisema, akaweka mezani vipimo vyake na maelezo ya fundi.

Nyumbani habari ilitangulia kufika. Mkewe alikuwa anaosha vyombo, akawa anasugua sufuria moja tu, ileile. Mle ndani hakuna aliyelitamka jina la mtu yule tangu ajali. Waliita dereva, basi.

"Huyo dereva ana watoto," alisema bila kugeuka. "Ana mke. Akifungwa watamtazama nani?"

"Na Chiriku atatembelea nini?"

"Tutahangaika. Watu wanahangaika."

"Hadi lini, mama Chiriku? Akifika kumi na nane?"

Sufuria ikamponyoka. Alilia huku mikono imejaa povu, na mumewe alitaka kumshika akashindwa, kwa maana ni yeye aliyekuwa anamliza. Baadaye, kwa sauti ndogo, mama akasema atakwenda kubadilisha maelezo yake.

Mtoto hakuwa amelala. Baba alipoingia kumfunika, Chiriku alimzungushia mikono shingoni na kumng'ang'ania.

"Baba, lazima dereva afungwe?"

"Lazima, mwanangu. Ndiyo upate mguu."

"Mimi sijamkasirikia."

Alikaa naye hadi mikono yake midogo ilipolegea, kisha akatoka uani, akajifungia chooni na kulia hadi akatapika.

Siku ya kesi alimbeba binti yake mgongoni kupanda ngazi za mahakama. Mama alifuata na magongo. Fundi viatu alikaa benchi la nyuma, kavaa shati la heshima, anatazama sakafu. Mtu wa bima naye alikuwepo, na tai yake na mkoba wake. Baba Chiriku alimuuliza kama hakimu akimtia dereva hatiani watalipa kweli. Yule bwana akasema hapo hawatakuwa na ujanja. Akamuuliza tena, na akajibiwa vilevile.

Wakakaa watatu pamoja, mtoto katikati. Chiriku aliuliza kwa nini hakimu ana meza kubwa hivyo, na kama anaruhusiwa kwenda kujisaidia. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea mfululizo tangu alazwe, na baba yake alimjibu yote.

Karani akasimama, akalisoma shitaka la kuendesha gari kwa uzembe na kumjeruhi mtoto, kisha akamwita mshitakiwa.

Baba Chiriku aliibandua mikono ya binti yake shingoni, mmoja, kisha wa pili, akaiweka mapajani mwa mama yake, akaenda kusimama kizimbani.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema, kabla hajaulizwa.