Chujio

Celso alikuwa anafuma kofia ya ndoa ya mwanaume mwingine, tena alikuwa anafuma huku anatabasamu.

Sindano zake tano, alizozichonga kwa spoki za baiskeli, hazikupumzika tangu alipoamka. Alifuma akipanda ngazi za mawe kwenda shambani, akafuma akichunga kondoo, akafuma huku supu ya kinoa inapoa mbele yake. Hakuna aliyemuuliza. Hapa kisiwani Taquile anayeulizwa kama anaumwa ni mwanaume aliyekaa mikono mitupu.

Kofia ilikuwa ya Wilber. Wilber alikwenda mjini Puno akiwa kijana mdogo, akarudi na miwani ya jua na ujuzi wa injini za boti, lakini kufuma, ng'o! Sasa alitaka kumuoa Delfina, na kwetu huoi hivihivi. Unafuma kofia kwa mkono wako, halafu baba wa binti anamimina maji ndani yake mbele ya watu wote. Maji yakikaa, umepata mke. Yakivuja, rudi kwenu ukalale.

Celso alikwisha kurudi kwao akalala. Mwaka jana tu, Mzee Evaristo, baba yake Delfina, alimimina maji kwenye kofia ya Celso, na maji yakachuruzika mpaka kwenye ndala za mzee. Tangu siku hiyo jina la Celso ni Chujio. "Chujio, njoo huku, chai imeiva!" wanamwita uwanjani, wanacheka mpaka wanaegemeana. Delfina alilia weee, kisha akanyamaza. Watu walimhurumia: msichana mzuri vile, anayempikia baba yake, anayemsokotea nyuzi na kumchungia kondoo, lakini kila anayemtaka ni fundi hafifu. Kabla ya Celso alikuwepo mwingine, naye alivuja.

"Kaka, usinikatalie," Wilber alimwambia siku alipoleta sufu. "Najua ulimpenda. Najua inakuuma. Lakini mkono kama wako kisiwani hakuna. Ile siku yako ilikuwa mkosi tu."

"Mkosi," Celso alisema. "Haya, lete sufu."

"Hivihivi tu? Hata kunitukana kwanza hutaki?"

"Nitakutukana siku ya harusi. Lete."

Maskini Wilber, akaondoka anapiga mluzi.

Mama Petrona, mama yake Celso, hakupiga mluzi. Alimjua mwanawe. Kufuma ndiko kulikokuwa kunamtuliza tangu utotoni: baba yake alipofariki alifuma, mvua ya mawe ilipomaliza viazi alifuma, na kila mara moyo wake ulishuka. Safari hii haukushuka. Alivuta kila uzi huku ameuma meno. Kila akipumzika alifungua sanduku, akatoa kofia yake ya mwaka jana, akaiinua mlangoni kwenye mwanga na kulitazama tundu lake, dogo, moja tu. Kisha akarudi kwenye sindano kwa hasira mpya.

"Unataka kumvujisha mwenzio," mama yake alimwambia.

"Nataka mtu aaibike mbele ya watu, Mama, kama nilivyoaibika mimi. Nisipoliona hilo, sitakula nikashiba."

"Wilber kakukosea nini? Mjinga kidogo, lakini hana ubaya."

Celso akavuta uzi mwingine. Mama Petrona akaichukua kofia, akaibinyabinya, akaigeuza ndani nje.

"Hii kofia au sufuria? Mbona umekaza hivi? Hapo pa kuvujia umepaficha vizuri, hata mimi sipaoni."

"Nirudishie, Mama. Sijamaliza."

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Mzee Evaristo alisimama katikati na jagi lake la maji, amevaa poncho safi, uso wa mtu anayejua kazi yake. Akaipokea kofia ya Wilber, akaikalisha kwenye kiganja cha kushoto kama desturi inavyotaka. Macho yake yakamwona Celso pale mbele.

"Ala! Chujio! Umekuja kumpokea mwenzako?"

Watu wakaangua kicheko. Celso naye akacheka.

"Nimekuja kuangalia mkono wako, Mzee. Mimina."

Wilber alikuwa anatokwa jasho, na baridi yote ile. Delfina alikuwa amefumba macho na kushika ncha za shali yake. Mama Petrona akamvuta Celso mkono.

"Mwanangu, bado hujachelewa. Sema ukweli, tuondoke."

"Tulia, Mama."

Maji yakaingia. Mzee akamimina taratibu mpaka kofia ikajaa pomoni, akaweka jagi chini, akasubiri. Watu wote wakakodolea macho chini ya kofia. Mzee akasubiri tena. Vidole vyake chini ya kofia vikaanza kuhangaika, mshipa ukamsimama shingoni, bega likatetemeka kama la mtu anayefungua mfuniko ulioshika kutu.

"Linakuja!" mtu mmoja akasema kwa nyuma. "Tone hilo!"

Kweli, kitu kilichomoka chini ya kiganja cha mzee, kikagonga jiwe mbele ya miguu ya binti yake, naye Delfina akafumbua macho. Halikuwa tone. Ulikuwa mwiba wa mpungate, mrefu kama kidole, umevunjika ncha.