Rangi Mbichi

Diwani alikuwa anakuja kuona kama kituo cha zimamoto kinahitaji feni za kutolea moshi wa magari. Kwa heshima ya mgeni, askari wakaamka kupaka kuta rangi nyeupe. Hakuna aliyekumbuka kwamba masizi waliyoyafunika kwa rangi ndiyo yaliyokuwa ushahidi wao.

Diwani Mwanamvua alizunguka banda la magari, akainua macho hadi chumba cha juu wanakolala askari.

"Mbona kuko safi, afande?"

Afande Tindwa, mkuu wa kituo, alifungua mdomo ajibu. Kengele ikamwahi.

Askari waliokuwa wakila waliacha matonge sahanini. Walishuka mbio, wakavaa makoti huku wakipanda, na gari likanguruma mle mle ndani. Moshi ukatanda. Diwani alirudi nyuma mpaka ukutani, machozi yakimtoka, akiwatazama. Hakuna hata mmoja aliyeziba pua. Dereva alimwinamia dirishani.

"Shikamoo, mama. Utusamehe kwa moshi."

Kisha wakaenda kwenye moto wa watu wasiowajua.

Diwani alipojibandua ukutani, koti lake lilikuwa limebeba rangi mgongo mzima, na masizi yalikuwa yakitua na kunata.

"Tuwie radhi, mheshimiwa," alisema Tindwa. "Livue tulisafishe."

Diwani alikohoa kwanza.

"Liache. Kesho naingia nalo kikaoni."

Akasimama mlangoni akisikiliza king'ora kikififia mjini, na nyuma yake moshi ukiendelea kuuandika mgongo wake.