Gundi ya Mara ya Tano

Sponji ya boneti ilikuwa imebanduka tena. Mara ya nne hiyo ndani ya mwaka mmoja, na Mwalimu alishuka garini akiwa nayo kwapani, imekunjwa vizuri.

"Fundi, kazi gani hii? Ningekuwa sijastaafu, ungepiga magoti hapo nje!"

"Nisamehe, Mwalimu. Kaa basi, niweke maji ya chai."

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, la kifahari enzi zake, viti vya ngozi na injini kubwa. Joto la injini ile halichezewi. Bila sponji chini ya boneti, rangi hupauka na kelele huingia mpaka ndani. Kwa hiyo kila ilipobanduka, Mwalimu alikuja. Fundi alikwangua mabaki, akafuta grisi, akapaka gundi, akabandika sponji mpya. Gundi ikikauka, wao walikunywa chai na kubishana: habari za redioni, wanafunzi watundu, marehemu mke wa fundi na mkono wake mzito wa chumvi. Saa tatu zilikatika hivihivi.

Jamani, tuseme ukweli. Gundi ile ilikuwa ya viatu. Fundi wa miaka thelathini hakosi kujua kwamba haihimili joto la injini. Aliinunua makusudi. Siku asizokuja Mwalimu, alishinda kutwa bila kutamka neno ila kuitukana spana. Jioni aliingia chumba cha nyuma ya karakana, akala amesimama. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Lakini siku hiyo, alipoipokea ile sponji, wazo jingine lilimjia. Je, ingeangukia bomba la moshi barabarani? Mama wa watu aungue kwa sababu ya mzee anayetaka mtu wa kunywa naye chai? Hapana. Alikwenda dukani, akarudi na gundi ya joto, ile ya bei. Akabandika taratibu, akikandamiza kila pembe kwa kiganja.

"Hii haibanduki, Mwalimu. Ni ya kudumu."

"Una hakika?"

"Naapa."

Mwalimu aliacha chai nusu kikombe, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Miezi miwili ikapita. Fundi aliinua kichwa kwa kila gari lililopunguza mwendo. Kila asubuhi aliosha vikombe viwili, akatumia kimoja. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila hawasemi kwamba mjukuu mwenyewe huhamia kwako kabisa.

Asubuhi moja, gari likaingia. Mwalimu alishuka na sponji vipande vipande ndani ya mfuko, vidole viwili vimefungwa plasta.

"Mwalimu, ngoja niseme, hata ukinichukia. Zile za mwanzo nilitumia gundi mbovu. Makusudi, ili urudi. Lakini hii, haki ya Mungu, hii haiwezi kubanduka!"

"Mbovu?" Mwalimu alikaa kwenye benchi, akavua viatu. "Mbona ilikuwa inashika vizuri tu? Nilikuwa naibandua kwa kucha. Hii yako ya kudumu ndiyo imenivunjia visu viwili."