Mkeka wa Ijumaa

Miaka sita mtaa mzima uliicheka nyumba ya Shekue, ya udongo ulioshindiliwa, yenye nyasi zilizopandwa juu ya paa. Kajijengea kichuguu, walisema, na hakuna aliyekubali kukanyaga ndani. Leo, kwenye msiba wake, jua lilipowafukuza kutoka chini ya turubai, waombolezaji walijazana humo mpaka ukumbini.

"Mama Zahoro, kumbe mmefunga kiyoyozi?" jirani yake Mwanaidi alimnong'oneza mjane.

"Hakuna, shoga. Ni kuta tu."

"Ubaridi wote huu? Si angetuambia, jamani."

Mama Zahoro aliutazama mkeka ambao marehemu aliutandika kila Ijumaa, akiwasubiri majirani aliowaalika. Leo ulikuwa umekaliwa pembe zote nne, hata rangi zake hazikuonekana.